Shikamoo na Marahaba: Lugha ya Wanamuziki Wakongwe Wanaporudiana Jukwaani

1. Utangulizi



Wanamuziki waliopiga pamoja ujanani, wakatawanyika, kisha wakasimama tena kwenye jukwaa moja wakiwa na mvi, ni habari inayopendwa na kurasa za burudani. Kwa kawaida huelezwa nani alikuwepo, nani hakuwepo, na ni wimbo gani uliowainua watu vitini. Ni nadra sana tukio hilo kuchunguzwa kama tukio la lugha, ingawa kila anayelisimulia hulazimika kwanza kuchagua neno la kuliita.

Mhadhara huu unadai kwamba Kiswahili kina maneno matatu makuu ya kulitajia tukio hilo: zilipendwa, kurudiana na shikamoo. Kila neno lina sarufi yake, na kila sarufi inampa mzee aliye jukwaani nafasi tofauti. Neno la kwanza linamweka katika wakati uliopita. La pili linamfanya mwenzi aliyerejea kwa wenzake. La tatu linamfanya mtu anayesalimiwa sasa hivi na kungojewa ajibu. Uchaguzi kati ya maneno hayo unahusu heshima ya watu na hifadhi ya maarifa yao, kwa hiyo si suala la mapambo ya lugha.

Mahali pa kutazamia suala hili pamechaguliwa kuwa Kagongwa, mji mdogo wa biashara wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, kwenye barabara itokayo Isaka kuelekea Kahama. Ni mji wa mpunga na mashine za kukoboa, na malori yaendayo Rwanda hupita hapo. Migodi mikubwa ya dhahabu ya Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, na Buzwagi, iliyofuata mwaka 2009, iliwaleta wilayani humo watu wa kila pembe ya nchi kukaa pamoja na Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa. Mji wa namna hiyo unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, uko katika eneo lililoupa muziki wa dansi wa Tanzania baadhi ya majina yake makubwa. Pili, watu wake huishi na mifumo miwili ya kuamkiana kwa wakati mmoja. Kwa Kisukuma, mwangaluka ni ya asubuhi na mwadila ni ya baadaye; salamu inafuata mwendo wa jua. Kwa Kiswahili, shikamoo haiulizi saa, huuliza umri. Anayevuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine mara kadhaa kwa siku anajua, hata kama hajawahi kulitamka, kwamba salamu ni namna ya kumpangia mtu mahali pake.

2. Bendi, Jimbo na Vyombo

Ili kuelewa maana ya kukutana tena, inafaa kueleza kwanza ni kitu gani kilichotawanyika.

Bendi za dansi za Tanganyika zina historia ndefu. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Neno jazz katika majina hayo halikuwa na uhusiano mkubwa na muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo. Katika Kiswahili lilikuja kumaanisha bendi ya dansi yenye magita na ala za kupuliza. Neno lililotangulia jazz ndilo lililobeba ujumbe. Mara nyingi lilikuwa jina la kwao. Kulikuwa na Kilwa Jazz, Ulanga Jazz, Rufiji Jazz na Tabora Jazz. Baadhi ya bendi hizo zilikuwa na makao Dar es Salaam lakini zikajitambulisha kwa mahali walikotoka waasisi wake, kama vyama vya watu wa nyumbani vilivyokuwa vikisaidiana mjini.

Western Jazz ni mfano ulio karibu zaidi na Kagongwa. Iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959, na mwasisi wake, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega. Jina Western lilitokana na Jimbo la Magharibi la enzi ya ukoloni, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Kahama nayo ilikuwa wilaya ya jimbo hilo, kabla ya mikoa kugawanywa upya baada ya uhuru. Kwa hiyo msikilizaji wa Kagongwa aliyesikia redioni jina la Western Jazz alikuwa anasikia jina la kwao, ingawa bendi yenyewe ilikuwa pwani na jina lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Tabora nako kulikuwa na Kiko Kids Jazz, iliyovuma tangu miaka ya 1950 chini ya Salum Zahoro.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake. Katika lugha ya dansi, mtindo ni alama ya bendi, wala haumaanishi tu namna ya kupiga. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Msondo ulikuwa wa NUTA, na Sikinde ukaja kuwa wa Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Majina mawili ya mwisho yametokana na ngoma za asili, nayo yalishika kiasi cha kuyafunika majina rasmi ya bendi zenyewe. Mtu husema anakwenda Sikinde kama asemavyo anakwenda Kariakoo.

Ushindani wa mitindo hiyo haukuwa mgeni kwa Wasukuma. Tangu karne ya 19 wamekuwa na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyohusishwa na wapinzani wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana katika uwanja mmoja, kila kimoja kikijitahidi kuvuta watazamaji wa mwenzake. Anayezijua Bagika na Bagalu hahitaji kuelezwa kwa nini mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walikuwa hawakai meza moja.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo lilizitenganisha bendi za mjini na vyama vya ngoma. Nalo ni vyombo. Mcheza ngoma wa kijijini huweza kuzeeka na ngoma yake. Mpiga gita wa bendi ya mjini, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 hadi 1980, alipiga gita lisilokuwa lake. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi alikuwa taasisi ya umma: jumuiya ya wafanyakazi kwa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, umoja wa vijana kwa Vijana Jazz, Jeshi, Polisi, na baadaye Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam kwa Mlimani Park. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Hilo lilikuwa na faida zake, kwani lilimpa uhakika wa chakula na hadhi ya mfanyakazi. Lakini alipohama, aliacha gita nyuma, na alipostaafu hali ilikuwa ileile.

Hapa ndipo ugumu wa kukutana tena unapoanzia. Watu wengi hudhani wakongwe hushindwa kurudi jukwaani kwa sababu ya magomvi ya zamani au udhaifu wa mwili. Mambo hayo yapo. Lakini wazee wanne wanaopatana vizuri, wenye vidole vinavyokumbuka kila kitu, bado hawawezi kupiga dansi bila magita matatu, seti ya ngoma, vipaza sauti na umeme.

3. Zilipendwa: Kauli ya Kutendwa na Wakati Uliopita

Neno lililozoeleka zaidi kwa nyimbo za wazee hawa ni zilipendwa. Redio imelitumia kwa miaka mingi, na hutamkwa kwa mapenzi. Umbo lake linastahili kutazamwa.

Kwa kanuni ya kawaida tungetarajia zilizopendwa, yaani nyimbo zilizopendwa, pamoja na kirejeshi. Kilichotumika ni sentensi kamili: zi- ya nyimbo, -li- ya wakati uliopita, mzizi -pend-, -w- ya kutendwa na kiishio -a. Sentensi hiyo imegeuzwa kuwa nomino. Watu husema zilipendwa hizi, bendi ya zilipendwa, usiku wa zilipendwa. Kiswahili huwa na majina yanayotokana na sentensi, hasa ya watu, ya khanga na ya mitaa, kwa hiyo njia yenyewe haishangazi.

Kinachostahili kuzingatiwa ni mambo mawili. La kwanza, mtendaji hayupo. Nyimbo zilipendwa na nani? Kauli ya kutendwa inaruhusu kunyamaza, na hapa imenyamaza. La pili, kiambishi -li- kinafunga tendo. Hakisemi kwamba kupenda kumekoma, lakini hakitoi nafasi ya kusema kwamba kunaendelea. Ndiyo maana neno hilo limeweza kupata matumizi ya pili ambayo hayana upendo. Mwanasiasa aliyepitwa na wakati huitwa zilipendwa, vivyo hivyo nguo isiyovaliwa tena, hata mchumba aliyeachwa. Maana hiyo ya kejeli isingewezekana kama mbegu yake isingekuwa tayari ndani ya umbo.

Mhadhara huu haupendekezi kulifuta neno zilipendwa. Neno lililokubaliwa na wasemaji halifutwi na wanaisimu. Linalosisitizwa ni kwamba neno hilo linahusu nyimbo, na nyimbo ziko kwenye kanda. Linapohamishwa kutoka kwa nyimbo na kubandikwa kwa waimbaji, mtu aliye hai anapewa sarufi ya kitu kilichokwisha. Wakongwe wenyewe wameonyesha kulitambua hilo kwa majina waliyojichagulia. Kikumbi Mwanza Mpango, aliyejulikana zaidi kama King Kiki na aliyefariki mwaka 2024, aliiita bendi yake Wazee Sugu. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kazi, na ni sifa ya tatizo au ugonjwa usiokubali kuondoka. Kwa kawaida ni neno la lawama. Katika jina la bendi limegeuzwa kuwa tamko la watu wasiokubali kuwekwa katika wakati uliopita.

4. Kurudiana: Kauli ya Kutendana

Neno la pili ni kurudiana. Mwanamuziki mmoja akihama na baadaye akarejea, husemwa amerudi. Mfano maarufu ni Muhiddin Maalim Gurumo. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa NUTA Jazz, akahamia Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na baadaye akarejea kwenye bendi yake ya kwanza, ambayo kwa kufuata mabadiliko ya jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa imeshaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikajulikana kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Hapo mtu alirudi, na bendi ilikuwepo kumpokea.

Kurudiana ni jambo jingine. Mzizi rud- umeongezewa kauli ya kutendea na kauli ya kutendana, na neno hutumika zaidi kwa mume na mke walioachana kisha wakapatana. Kila mmoja anarudi, na kila mmoja anarudiwa. Hakuna aliyebaki nyumbani kumpokea mwenzake. Bendi iliyokufa ikifufuliwa na watu wake wa zamani, hilo ndilo neno lake sahihi, na ulinganisho na ndoa haukosi ukweli, kwani wanaorudiana wanakuja na kumbukumbu za sababu zilizowatenganisha.

Kauli ya kutendana ina sharti moja la kisarufi ambalo kwa bendi ni sharti la maisha: lazima watendaji wawe angalau wawili. Kitenzi hakisimami na mmoja. Katika dansi ya Tanzania uimbaji wenyewe hujengwa kwa kutendana. Waimbaji hupokezana, kiitikio huimbwa kwa sauti zinazolala juu ya nyingine, na gita la solo huzungumza na gita la rithim. Aliyezoea kuimba sauti ya pili kwa miaka 20 anajua nusu ya wimbo. Nusu nyingine ilikuwa kwa mwenzake. Mwenzake akifariki, anayebaki hawezi kurudiana na mtu. Anaweza tu kurudia, na kurudia ni kukariri.

Hilo linaeleza kwa nini kurudiana kwa bendi ni tukio la haraka kuliko linavyoonekana. Mifano ya nchi nyingine inaonyesha hivyohivyo. Orchestra Baobab ya Senegal ilivunjika mwaka 1987 na ikarudiana mwaka 2001. Nairobi, Les Mangelepa, bendi ya wanamuziki wenye asili ya Kongo iliyoanza mwaka 1976, ilitoa albamu mpya mwaka 2017, miaka 41 baada ya kuanzishwa. Wakongwe wa Havana waliokusanywa katika studio mwaka 1996 na kujulikana kwa jina la Buena Vista Social Club walipata sifa ya dunia nzima, na katika miaka michache iliyofuata kadhaa kati ya waliokuwa mashuhuri zaidi walifariki. Katika mfano huo wa Havana muda uliokuwepo ulikuwa mfupi.

5. Shikamoo: Salamu Inayongoja Jibu

Tanzania ilikuwa na mkusanyiko wake miaka mitatu kabla ya ule wa Havana. Mwaka 1993, Dar es Salaam, wanamuziki wakongwe waliunda Shikamoo Jazz kwa msaada wa HelpAge International, shirika linaloshughulikia wazee. Hawakuwa watu wa bendi moja. Walikuwa watu wa kizazi kimoja, waliotoka katika bendi mbalimbali, na baadhi ya bendi hizo ziliwahi kushindana. Miongoni mwao alikuwa Salum Zahoro, yule wa Kiko Kids ya Tabora. Mwaka 1995 bendi hiyo ilizuru Uingereza pamoja na Bi Kidude wa Zanzibar na Fundi Konde wa Kenya.

Msaada muhimu uliowafikia ulikuwa wa vyombo. Ni jambo la kufikirisha kwamba kilichowezesha muziki huo kusikika tena kilitoka kwa shirika la ustawi wa wazee, kwa mantiki kwamba mzee mwenye gita ana kazi, na mzee mwenye kazi hahitaji kuhurumiwa.

Jina la bendi ndilo linalohusu isimu zaidi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba shikamoo ilitokana na maneno ya kushika miguu, tendo la unyenyekevu la mdogo mbele ya mkubwa. Wasemaji wa leo hawasikii tena miguu ndani yake. Wanasikia umri. Jibu lake, marahaba, limetoka katika Kiarabu, na lina sharti kali: hutolewa na mkubwa tu. Mdogo hawezi kumjibia.

Sasa mtangazaji anapotaja bendi hiyo redioni, anasema shikamoo. Kijana anayewauliza wenzake jioni kuna bendi gani, naye anajibiwa kwa shikamoo. Jina limempa kila anayelitamka nafasi ya mdogo, na wazee nafasi ya wakubwa, bila hotuba yoyote kuhusu heshima. Tukirejea Kagongwa, ambako mtoto hujifunza mapema kupiga goti kidogo mbele ya bibi yake huku akisema mwangaluka, ujanja wa jina hilo unaeleweka mara moja: limeingiza tendo la nyumbani katika tangazo la dansi.

Tofauti na zilipendwa iko wazi. Zilipendwa ni taarifa, na taarifa haihitaji kujibiwa. Shikamoo ni sehemu ya kwanza ya mazungumzo ya sehemu mbili, na isipojibiwa, kuna jambo limeharibika. Muziki wa jukwaani unapofuata jina kama hilo, unasikika kama marahaba ndefu. Tena salamu hiyo inatatua tatizo la mitindo. Kama wangejiita kwa Saboso au kwa jina la mtindo mwingine mmoja, wangekuwa wamemkaribisha mmoja na kuwafungia wengine mlango. Umri ulikuwa kitu pekee walichomiliki wote kwa usawa.

6. Hitimisho

Maneno haya matatu yanaonyesha ngazi tatu za kuwatambua wanamuziki wakongwe. Zilipendwa huthamini kazi na kumsahau mtendaji. Kurudiana humrudisha mtendaji, lakini kwa wenzake tu. Shikamoo humleta mbele ya kizazi kinachofuata na kumpa zamu ya kusema. Jamii inahitaji yote matatu, lakini imejitosheleza mno na la kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Kusikiliza kanda hakumgharimu mtu chochote.

Mwaka 2013 Gurumo alipostaafu muziki kwa sababu ya afya, Diamond Platnumz, msanii wa kizazi kipya, alimpa gari. Ilikuwa shikamoo ya vitendo, na watu waliisifu kwa haki. Gurumo alifariki Aprili 2014. Salamu ilikuwa imefika wakati sauti yenyewe tayari ilikuwa imenyamaza jukwaani, na hilo halikuwa kosa la aliyetoa zawadi. Kizazi kizima cha wasikilizaji kilikuwa na miaka mingi ya kutangulia.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, idara za Kiswahili na za muziki katika vyuo vyetu ziwatume wanafunzi kurekodi maelezo ya wanamuziki wakongwe pamoja na nyimbo zao. Kanda za Redio Tanzania zimehifadhi sauti. Hazikuhifadhi maana ya mafumbo, majina ya watu waliokusudiwa, wala sababu ya neno moja kuchaguliwa badala ya jingine. Kazi hiyo ianze pia mikoani, katika miji kama Tabora, Nzega, Kahama na Kagongwa, ambako wapo wazee waliopiga, walioimba au waliocheza, ambao hakuna mtafiti aliyewahi kuwapigia hodi. Pili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 itumike kuwatambua watunzi wa nyimbo zilizorekodiwa walipokuwa waajiriwa wa taasisi, kwa sababu redio na kumbi zinaendelea kunufaika nazo. Tatu, halmashauri zenye kumbi na vyombo viwape wakongwe siku yao ya kuvitumia. Gita moja linalopatikana kila Jumamosi lina manufaa zaidi kwao kuliko cheti kinachotolewa mara moja.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji kufanywa wakati wenye haki ya kuitikia marahaba bado wapo.